Hotuba ya Mwenyekiti: Bwawa la Samaki na Mfuko Wetu

 

Awali ya yote tunamshukuru Mungu kwa kutufikisha miaka 10. Tulianza akina mama 22 na sanduku la kufuli tatu. Wapo waliosema hatutafika masika. Leo sanduku lipo, na hakuna mama aliyedai hisa yake akaikosa.

Lakini hatukuja kujisifu tu. Mnajua kwamba kwenye mkutano mkuu tutapiga kura juu ya faida ya mikopo iliyobaki. Wapo wanaotaka tugawane yote, maana ada za watoto hazingoji. Wapo wanaotaka tuchimbe bwawa la pili. Wote wana haki. Kamati imeombwa ieleze mambo ya samaki na mambo ya Serikali kabla ya kura, ili asipige mtu kura ya gizani.

Kwanza, ufugaji wa samaki si jambo la jana. Katika nchi yetu majaribio ya kufuga perege yalianza mwaka 1949, Korogwe na Malya. Mwaka 1967 Serikali ilifanya kampeni ya nchi nzima watu wachimbe mabwawa. Haikufanikiwa, kwa sababu mabwawa hayakutunzwa ipasavyo. Jamani, tulishike hilo. Kuchimba ni kazi ya wiki chache, kutunza ni kazi ya kila siku.

Pili, nani anafanya nini? Wengi wetu tunachanganya. Wizara ya Mifugo na Uvuvi ndiyo inayotunga sera na kusimamia Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Bwana Samaki yeye ameajiriwa Halmashauri. Kwa hiyo tukimhitaji, barua inapita kwa Mtendaji wa Kijiji, kwa Mtendaji wa Kata, mpaka kwa Mkurugenzi. Tusikae tukalalamika kwamba Wizara haiji. Tuandike barua, tubaki na nakala yenye mhuri. Na kwa vifaranga na ushauri, sisi wa Songea tuna bahati: kituo cha Serikali cha Ruhila kiko jirani.

Maji nayo yana mwenyewe. Kuchepusha maji ya mto kunataka kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde. Na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto. Ndiyo maana tunasema mtaalamu aje apime kwanza, jembe lifuate.

Tatu, bwawa lenyewe. Udongo uwe wa mfinyanzi. Chukua tonge la udongo mbichi, lifinyange, lirushe juu ulidake. Likibaki zima, udongo unashika maji. Likisambaratika, tafuta mahali pengine. Kina kiwe kama nusu meta upande wa maji kuingia, na meta moja na kitu upande wa kutokea. Midomo yote miwili iwekwe wavu, samaki wetu wasitoke na wa mtoni wasiingie. Kabla ya maji, mwaga chokaa ya kilimo, kilo 10 hadi 20 kwa kila meta 100 za mraba, kaa wiki mbili. Kisha jaza maji na uweke samadi kwenye uzio wa mianzi pembeni.

Maji yakiwa ya kijani, chakula cha asili kimeota. Kipimo ni mkono wako mwenyewe. Uzamishe mpaka kiwiko. Kiganja kikipotea maji yakifika kiwikoni, ni sawasawa. Kikipotea mapema, samadi imezidi, acha kuongeza. Kikionekana bado, ongeza.

Vifaranga tunapandikiza 2 kwa kila meta ya mraba. Tuseme bwawa ni meta 10 kwa 20: hapo ni vifaranga 400. Usiwamwage ghafla. Acha mfuko uelee bwawani kama dakika 15, maji yalingane joto, ndipo watoke wenyewe. Chakula ni pumba za mahindi, mashudu ya alizeti na dagaa wa kusaga kidogo, asubuhi na jioni, mahali palepale. Samaki 400 wakifika gramu 50 kila mmoja, wote pamoja ni kilo 20. Ukiwapa sehemu 3 kwa 100 ya uzito wao, ni gramu 600 kwa siku. Kikibaki chakula kinaelea, punguza, maana kinaoza. Ukiwakuta alfajiri wanahema juu ya maji, hewa imepungua: simamisha chakula na samadi, fungulia maji mapya. Baridi yetu ya Juni na Julai wanakula kidogo, kwa hiyo tupandikize baridi ikishapita.

Sasa tuseme lile linalouma. Bwawa la kwanza tuliuziwa vifaranga na mfanyabiashara mmoja, akatuhakikishia ni madume watupu. Baada ya miezi minane tukavua perege wa ukubwa wa vidole. Walikuwa mchanganyiko, wakazaana wao kwa wao, chakula kikagawanywa na maelfu. Perege jike huzaa angali mdogo, na bwawa likijaa hakuna anayekua. Akina mama waliokuwa wakiamka saa kumi na moja kuwinga mdiria na kulinda kenge walipata mboga tu. Fedha haikurudi, na yule bwana haonekani. Kwa hiyo wanaosema "samaki wametula" tusiwacheke. Hata hivyo bwawa halikukataa. Maji yalikuwepo, chakula kilikuwepo, mbegu ndiyo iliyokuwa mbovu.

Kuna jingine. Bonde tunalolitazama ni la ukoo wa mume wa mwenzetu mmoja. Leo ni majani matupu, hakuna anayelitaka. Bwawa likianza kutoa samaki, bonde litapata wenyewe wengi. Na mwenzetu akifiwa je? Makubaliano yaandikwe, wazee wa ukoo watie saini, Serikali ya Kijiji iweke mhuri. Bila karatasi hiyo, kamati haitatoa hata shilingi ya jembe.

Pendekezo letu ni hili. Hisa za mtu zisiguswe, na mfuko wa jamii usiguswe. Faida ya mikopo igawanywe nusu kwa nusu: nusu tugawane kwa ada, nusu iende bwawani. Vifaranga vitoke kituoni, kwa risiti. Zamu za ulinzi ziandikwe kwenye daftari kama tunavyoandika hisa. Pengo likibaki, tuombe ule mkopo wa Halmashauri wa asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambamo 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Hauna riba, lakini ni mkopo, si zawadi. Utarudishwa hata kenge akila samaki wote.

Asiyeona hivyo aseme mkutanoni, asiseme kisimani. Miaka 10 tumekaa pamoja kwa sababu kila senti ilihesabiwa mbele ya macho ya wote. Samaki nao watahesabiwa hivyo hivyo.

 Karibuni chakula.