BAISKELI YA MKONO NA HESABU YA SAA ZAKE

Maneno aliyoyasema fundi mmoja wa chuma, mwanachama wa siku nyingi, katika mkutano wa wanachama



Nilipoambiwa nije niseme mbele yenu niliuliza, "Niseme habari gani? Mimi si mtu wa maneno, ni mtu wa tupa na nyundo." Katibu akanijibu, "Waeleze habari za ile baiskeli." Basi nimekuja na vitu viwili, navyo viko hapa mezani: foki ya baiskeli iliyokatwa kwa msumeno, na daftari la shule.

Mwalimu mmoja mstaafu alikuja kwangu na picha ya marehemu baba yake. Mzee amesimama na baiskeli nyeusi, ile tuliyoiita Black Mamba: magurudumu makubwa ya inchi 28, usukani uliopinda kuja nyuma, breki za vyuma zisizo na waya, kifuniko cha cheni, tandiko la ngozi, na karia nzito ya kubebea gunia. Mwalimu akasema, "Fundi, nataka kama hii, na isiwe ya kuokoteza dukani. Nataka uitengeneze."

Ndugu zangu, msidhani baiskeli hiyo ni kitu cha mchezo. Umbo lake lilianza zamani. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry, Uingereza, alitoa baiskeli yenye magurudumu mawili yanayokaribia kulingana, na cheni inayozungusha gurudumu la nyuma. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama kule Belfast, alipata haki ya mpira wake wenye upepo. Kutoka hapo baiskeli ikawa gari la mfanyi kazi. Hapa kwetu imebeba maziwa, mkaa, samaki, wagonjwa na maharusi. Kule mpakani Busia, katika miaka ya 1960, vijana walianza kuwabeba watu kwa baiskeli, na kutoka hapo tukapata neno bodaboda. Pikipiki ikaja baadaye ikalichukua jina.

Sasa kazi yenyewe. Vitu vingine sikuvitengeneza, wala sitawadanganya. Tairi, cheni, gololi, spoki na habu nilinunua. Mabomba ya fremu nilitoa katika fremu kuukuu mbili za feleji nzuri. Lakini soketi za fremu, yaani vile vikono vinavyopokea mabomba kwenye pembe, nilizikata na kuzipiga tupa mwenyewe. Foki, vyuma vya breki, kifuniko cha cheni, karia na tandiko, vyote ni vya mkono.

Breki za namna ile zina akili yake. Ukivuta mkono wa breki, vyuma vinapanda juu na kuvuta raba mbili, nazo zinabana rimu kwa upande wa ndani, ule unaotazama habu. Kwa hiyo rimu ya kisasa, iliyofanywa kubanwa ubavuni, haifai. Yafaa rimu ya zamani yenye mgongo wa mviringo. Tena mjue, rimu ya chuma ikilowa maji breki hushika kidogo sana. Mwenye baiskeli ya namna hii apunguze mwendo mapema mvua inaponyesha.

Jambo jingine, kwa vijana wanaojifunza. Pedeli ya kushoto hukazwa kwa kuzungusha kinyume. Nayo bakuli ya gololi ya upande wa kulia, chini kwenye mhimili wa pedeli, ni vivyo hivyo katika fremu za namna ya Kiingereza. Asiyejua hili huvuta kwa nguvu mpaka nyuzi zikafa, kisha husema chuma ni kibaya.

Sasa nitaungama makosa mawili, na yote ni yangu.

La kwanza ni karia. Nilikuwa na vipande vya bomba la maji, lile lililopakwa zinki. Nikamwambia kijana wangu aunganishe kwa moto. Tulikuwa ndani, na mlango tumeurudisha kwa sababu ya upepo. Moshi mweupe ukatoka. Usiku kijana akashikwa na baridi, akatetemeka, homa ikapanda, na mama yake akasema ni malaria. Asubuhi akapelekwa hospitali, akapimwa, na malaria haikuonekana. Ilikuwa homa ya moshi wa zinki. Ilimwacha siku ya pili, lakini aliteseka, nami ndiye niliyemtuma. Ndugu, zinki huchemka karibu digrii 900, na huo ndio moto wa kulehemu kwa shaba ya manjano. Chuma chenye zinki kisafishwe kwanza kwa kukwangua, na kazi ifanywe mahali pa wazi penye upepo. Watu husema kunywa maziwa kunatosha. Maziwa ni chakula kizuri, lakini hayazuii moshi kuingia kifuani.

La pili ni foki hii. Mwalimu alikuwa na harusi ya binti yake siku ya Jumamosi, akataka baiskeli iwepo. Alhamisi jioni nililehemu kichwa cha foki kwa haraka. Kwa nje ilipendeza sana. Shaba imezunguka kama pete. Lakini usiku sikulala vizuri. Nilikumbuka kwamba moto ulipiga sana upande wa nje, na ile dawa ya boraksi iliungua ikawa nyeusi kabla shaba haijayeyuka. Ijumaa asubuhi nikachukua msumeno nikaikata katikati. Tazameni wenyewe. Nje kuna shaba, ndani ni kukavu na masizi. Shaba haikuingia.

Mnajua foki ikivunjika huwa namna gani? Haitoi habari. Tairi likitoboka utasikia, cheni ikikatika utasimama. Foki ikikatika kwenye mteremko, uso wako ndio unaotangulia chini. Na huyu ni mzee aliyekwisha pita miaka sitini.

Nikampigia simu nikamwambia, "Mwalimu, Jumamosi haitakuwapo." Akakasirika. Akasema mafundi ni wale wale, neno letu halina uzito. Nilinyamaza, kwa maana ahadi nilikuwa nimeitoa mimi. Nikatengeneza foki nyingine polepole: chuma kisafi, moto wa kuzunguka mpaka pande zote ziwe na wekundu mmoja, shaba ikitiwa upande huu na kuonekana ikitokea upande wa pili. Ikitokea, ujue imepita ndani.

Baada ya wiki mbili Mwalimu alikuja. Akaipanda, akazunguka uwanja mara tatu, akashuka akifuta macho. Kisha tukafika kwenye fedha, na hapo ndipo penye shauri letu la leo.

Alitaka kulipa vifaa, na juu yake "kitu kidogo cha chai." Sikugombana naye. Nilimpa daftari hili. Tangu siku ya kwanza tuliandika kila jioni, mimi na kijana. Soketi na fremu, saa 22. Foki, saa 18. Breki, saa 14. Tandiko, saa 11. Kifuniko cha cheni, saa 9. Rangi, saa 8. Karia, saa 7. Magurudumu, saa 6. Jumla saa 95, na katika hizo 31 ni za kijana. Saa 10 za foki iliyoharibika ziko ukurasa wa mwisho, nazo nimezipiga mstari. Hizo sikumtoza, kosa la fundi si deni la mteja.

Mwalimu alisoma kurasa zote. Akakaa kimya kitambo, halafu akasema, "Hata mimi nilisahihisha madaftari ya watoto usiku miaka yangu yote, na hakuna aliyezihesabu saa zile." Tukakubaliana kwa kipimo cha malipo ya siku ya fundi katika mji huu, akalipa kwa mafungu mawili. Kijana akapata saa zake 31 zote mkononi.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mali ya mfanyi kazi ni nini? Hana shamba kubwa wala duka. Mali yake ni saa zake. Tunazitoa kila siku bila kuziandika, kisha tunashangaa mtu akizinunua kwa bei ya chai.

Kwa hiyo nina mambo matatu ya kuwaombeni. Kwanza, kila mtu awe na daftari, aliyeajiriwa na anayejitegemea. Andika saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Siku ya mashauri, Katibu wetu hawezi kukutetea kwa kumbukumbu za kichwani. Pili, asiyekuwa na miwani ya moto wala hewa safi asikubali kulehemu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Nasi wenye karakana ndogo, tukiwa na kijana hata mmoja, tumekwisha kuwa waajiri. Tusidai haki mjini na kuinyima nyumbani kwetu. Tatu, tusitoe kazi ambayo wenyewe tusingeipanda mteremkoni. Mdomo wetu katika kudai malipo hupata nguvu kutoka hapo.

Foki hii naiacha ofisini kwa Katibu, ili vijana waione. Daftari narudi nalo, kwa sababu kesho nina kazi nyingine ya kuandika.

Umoja ni nguvu.