Msiliharakishe Goti

Oktoba 2011 mshambuliaji wa Italia, Giuseppe Rossi, alichanika ligamenti ya msalaba ya mbele (ACL) ya goti la kulia akiichezea Villarreal dhidi ya Real Madrid. Alikuwa na miaka 24. Akafanyiwa upasuaji, akaanza kujifua upya, na Aprili 2012, mazoezini, goti lilelile likaachia tena. Fainali za Ulaya za mwaka huo akazikosa, na Oktoba akarudi chumba cha upasuaji. Mwaka 2017, akiwa Celta Vigo, ikakatika ligamenti hiyohiyo ya goti la kushoto.

Mashabiki husema mtu kama huyo ana mkosi. Mimi nakataa. Uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi na kuchapishwa 2016 ulionyesha kwamba katika kila watu 100 waliotengenezewa ligamenti hiyo, kama 7 huichana tena, na kama 8 huchana ya goti la pili, lile ambalo lilikuwa zima. Kwa walio chini ya miaka 25 wanaorudi michezoni, jumla hufika 23. Hao ni vijana wetu hasa, wale wanaoitwa uwanjani kabla hawajawa tayari.

Katika upasuaji huo, daktari kwa kawaida haishoni ligamenti iliyokatika. Hukata kipande cha kano, mara nyingi chini ya pia ya goti au nyuma ya paja, akatoboa mifupa, akakipitisha humo na kukikaza. Kipande hicho kimetengwa na damu yake, basi mwanzoni ni kama mche uliohamishwa: hunyauka kwanza, ndipo mizizi ishike. Katika miezi hiyo ya unyonge wake, uvimbe umeshakwisha, maumivu yamepoa, kijana anakimbia na kucheka, na kocha anaona amepona. Goti halimuumi, kwa hiyo hana cha kumwonya. Misuli ya paja nayo imesinyaa, akiruka anatua vibaya, mzigo unahamia mguu wa pili.

Watafiti wa Norwei na Marekani waliwafuatilia wagonjwa wao, na 2016 wakaeleza walichokiona: kwa kila mwezi ambao mchezaji alichelewa kurudi, mpaka itimie miezi tisa baada ya upasuaji, hatari ya kuumia goti tena ilishuka kwa takriban nusu. Nusu, kwa mwezi mmoja tu! Kusubiri hakuna bili ya hospitali, na bado ndiko tunakokufanyia ubahili.

Upasuaji wa kurudia ni kazi nyingine kabisa. Matundu ya kwanza huenda yamepanuka, pengine yajazwe mfupa kwanza na mgonjwa angoje miezi kadhaa kabla ya awamu ya pili, na kano ya kupandikiza itafutwe mahali pengine, hata kwenye mguu ambao haukuumia. Matokeo yake kwa jumla ni hafifu kuliko ya mara ya kwanza.

Halafu kuna miaka inayofuata, ambayo hakuna kamera inayoirekodi. Nchini Sweden walichunguzwa wanawake waliochanika ligamenti hiyo wakicheza soka, miaka 12 baada ya kuumia. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 31. Kati ya waliopigwa picha za eksirei, asilimia 82 walionyesha mabadiliko katika goti lililoumia, na waliopasuliwa hawakuwa na nafuu zaidi kuliko wasiopasuliwa. Miaka 31, na goti limeanza kusagika kama la bibi! Upasuaji humpa mtu goti lililotulia. Haumrudishii goti la kuzaliwa nalo, na mgonjwa ana haki ya kuambiwa hivyo kabla ya kusaini fomu. Aambiwe pia kwamba wapo wanaopona kwa mazoezi tiba pekee: katika utafiti mwingine wa Sweden, karibu nusu ya walioanza na mazoezi hawakuwa wamepasuliwa hata baada ya miaka mitano.

Kocha, mzazi, kiongozi wa klabu, nawaomba. Kama mna kijana aliyefanyiwa upasuaji huu, asicheze mechi kabla ya miezi tisa, hata iwe fainali. Na miezi tisa ikitimia, mwulizeni mtaalamu wake wa mazoezi tiba nguvu ya paja la mguu uliopasuliwa imefika wapi ikilinganishwa na la pili. Kama haijafikia asilimia 90, mwacheni aendelee na mazoezi.