Kalamu ni Amana: Maisha ya Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Mhariri wa Al-Islah

(Mada iliyotolewa mbele ya waumini, Pemba)



Sifa njema zote zinamstahikia Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Nimetakiwa nizungumzie kazi ya uandishi wa habari. Nimeona ni bora nikutajieni mtu mmoja wa mwambao wetu aliyeishika kazi ya uhariri kama imamu anavyoushika uimamu wake, yaani kwa kujua kwamba nyuma yake wamo watu wanaomfuata.

Sheikh Al-Amin alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Jina la ukoo wake si geni hapa kwetu, kwani Mazrui wa Mombasa walikuwa na utawala katika kisiwa hiki cha Pemba mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1820, walipoondolewa na majeshi ya Sayyid Said. Lakini Sheikh huyu hakurithi ngome wala mizinga. Alirithi elimu. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah, alikuwa mwanachuoni, naye alifariki mwanawe akiwa bado mtoto mdogo. Akalelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui. Kisha akavuka bahari kwenda Unguja, akasoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumeit na Sheikh Abdallah Bakathir, mabingwa wawili waliofariki mwaka mmoja, 1925.

Pamoja na masomo hayo, alikuwa msomaji wa Al-Manar, jarida la Rashid Rida lililokuwa likitoka Cairo. Humo aliona jambo ambalo huku kwetu lilikuwa bado geni: mwanachuoni anaweza kuzungumza na watu elfu ambao hawajapata kukaa katika darsa yake. Mwaka 1930 akaanzisha Sahifa, na mwaka 1932 akaanzisha gazeti la Al-Islah, maana yake "kutengeneza mambo".

Ndugu zangu, tazameni mambo mawili katika uhariri wake.

La kwanza ni lugha. Sheikh alikuwa hodari wa Kiarabu, na historia ya ukoo wake aliiandika kwa Kiarabu. Lakini Sahifa aliiandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, zile ambazo watoto wa mwambao walifundishwa chuoni. Hakutaka elimu ibakie kwa wachache. Al-Islah nayo ilikuwa na Kiswahili pamoja na Kiarabu.

La pili ni ujasiri wa kuanza na watu wake mwenyewe. Zama zile nchi ilikuwa chini ya Waingereza, na ingekuwa rahisi kwa mhariri kuwatupia wageni lawama zote, akashangiliwa. Yeye aliwaonya Waislamu juu ya kuiga Wazungu bila ya kuchagua, lakini pia aliwauliza kwa nini wamelala. Aliukemea ujinga na israfu. Alitaka watoto wasome dini pamoja na elimu za dunia, na alisisitiza kuwa mtoto wa kike ana haki ya kusoma. Hayo hayakumfurahisha kila mtu. Lakini wahenga wamesema, mficha maradhi kilio humfichua.

Mwaka 1932 aliteuliwa kuwa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, cheo alichokuwa nacho mpaka alipofariki mwaka 1947. Al-Islah haikudumu. Hapa pana funzo zito: gazeti lililobebwa na mabega ya mtu mmoja huanguka mtu huyo anapoitwa kwenye kazi nyengine. Yaliyosalimika ni yale yaliyohifadhiwa. Makala za Sahifa zilikusanywa katika kitabu cha Uwongozi mwaka 1944, na kwa hicho sauti yake imetufikia. Mwanafunzi wake, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, naye akaja kutoa gazeti la Sauti ya Haki.

Je, sisi leo? Kila mwenye simu amekuwa mhariri. Habari inamfikia kijana akiwa Wete, na kabla hajamaliza kuisoma imeshafika Mkoani. Surat Al-Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha tuihakikishe habari kabla hatujawadhuru watu kwa kutojua. Sheikh Al-Amin alijulikana kwa jina lake na mji wake. Aliyetaka kumjibu alijua pa kumkuta. Anayesambaza habari isiyo na mwenyewe, akamvunjia mtu heshima, akatia fitina baina ya majirani, huyo atamwambia nini Mola wake?

Basi nausia mambo matatu. Tusipeleke mbele habari tusiyokuwa tayari kuitolea ushahidi. Tuwafundishe vijana wetu, wa kiume na wa kike, kuandika Kiswahili safi. Na tusiwaachie mtu mmoja au wawili mzigo wa kutoa na kuhifadhi maandishi yetu. Mwenye mali achangie, na mwenye kalamu aandike.

Allah amrehemu Sheikh Al-Amin, na atujaalie tuwe wakweli katika tunayoyasema na tunayoyaandika. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.