Mpaka wa Hatari Usioonekana



Lusahunga, wilayani Biharamulo, ni njia panda. Barabara itokayo Kahama kupitia Nyakanazi hukutana hapo na ile ya Bukoba, kisha malori hushika njia ya Ngara, kilomita 92 hadi Rusumo, mpakani na Rwanda. Miongoni mwake yamo yaliyobeba petroli tangu Dar es Salaam. Madereva hupumzika hapo, mama lishe huwasha majiko yao ya mkaa, vijana huuza sigara na kiberiti.

Leo tuzungumzie kile kinachovuja kwenye matenki bila mtu kukiona: mvuke.

Petroli ikimwagika, kinachoshika moto ni mvuke wake. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne, hivyo haupandi juu kama moshi. Hutambaa chini, huingia mitaroni, hutuama mabondeni. Ukichanganyika na hewa kwa kiasi cha sehemu 1.4 tu katika 100, cheche moja inatosha. Na pua? Pua huizoea harufu kwa dakika chache, halafu inanyamaza.

Matokeo tumeyaona. Sachangwan, Kenya, Januari 2009. Sange, mashariki ya Kongo, Julai 2010. Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019. Kila mahali mafuta yalimwagika, moto ukalipuka, wakafa watu zaidi ya 100. Wapo wanaosema huo ni ujinga wa wananchi wanaokimbilia kuchota. Mimi sikubaliani nao. Katika ajali za namna hii huungua pia mtu aliyesimama pembeni bila ndoo wala dumu, akiamini yuko mbali. Nani alimwonyesha hatari inapoishia?

Hapo ndipo kazi moja ya wataalamu inapotuhusu. Tazama dimbwi la barabarani lililodondokewa na dizeli: utaona rangi za upinde wa mvua. Rangi hizo si za dizeli. Ni utando mwembamba unaorudisha mwanga kwa juu na kwa chini yake, na unene wake ndio unaochagua rangi utakayoiona. Wataalamu hutengeneza utando wa namna hiyo kwa silikoni, ile ya ndani ya redio na kompyuta, wakiitoboa kwa tindikali vitundu vidogo mno. Mvuke ukiingia vitunduni na kuifukuza hewa, mwanga hupita humo polepole zaidi, na rangi inayorudi huhama kuelekea nyekundu.

Wengine huongeza chembe za dhahabu. Watu wa Biharamulo, wanaoijua dhahabu ya Tulawaka, huenda wasiamini: dhahabu ikiwa chembe ndogo kiasi hicho ndani ya maji haiwi ya njano, huwa nyekundu kama divai. Mwingereza Michael Faraday alilionyesha hilo mwaka 1857. Na wekundu huo hubadilika kidogo kufuatana na kinachoizunguka chembe, mvuke ukiwamo.

Uzuri wake ni kwamba mwanga waweza kupelekwa na kurudishwa kwa uzi wa kioo, umeme ukabaki mbali. Vipimo vingi vya gesi vilivyozoeleka vina waya unaopashwa moto ndani, na hulazimika kufungwa kwa uangalifu visije vikawa vyenyewe chanzo cha mlipuko.

Lakini tusidanganyane. Mvuke wa maji nao huingia vitunduni, na Kagera mvua si haba. Vumbi huziba. Ndiyo maana hupangwa tando kadhaa zenye tabia tofauti, kisha majibu yake yakalinganishwa, na sehemu kubwa ya kazi hii bado imo maabara. Morogoro kwenyewe, shirika la APOPO limewafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, na sijaona mashine iliyowaaibisha panya hao.

Hata hivyo kipimo cha kawaida, kile cha waya, hakihitaji kusubiri maabara. Askari akifika kwenye lori lililopinduka, kazi yake ya kwanza ni kufunga kamba. Aifunge hatua 20 au 200? Upande wa bondeni je? Tuwaulize wanaosimamia usalama wa barabara hii: lori likipinduka usiku huu kati ya Lusahunga na Benako, huyo mwenye kamba atakuwa na kipimo mkononi, au atategemea pua yake?