Mama Halei Peke Yake: Malezi ya Mtoto Simiyu na Kwingineko



Katikati ya miaka ya 1980 watafiti watatu kutoka vyuo vikuu vya Marekani, Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones, walikaa na Wahadzabe katika bonde la Ziwa Eyasi, jirani na wilaya yetu ya Meatu, hapa Simiyu. Walipima mambo ya kawaida kabisa: uzito wa watoto, na muda ambao kila mwanamke aliutumia kuchimba mizizi na kuchuma matunda. Majibu waliyoyachapisha mwaka 1997 yaliwashtua wengi. Mama asiye na kichanga, bidii yake huonekana kwenye uzito wa watoto wake. Akijifungua tena, mambo hubadilika. Yule aliyeachishwa ziwa hanenepi tena kwa kazi ya mama yake, bali kwa kazi ya bibi, yule mama mtu mzima anayeshinda ameinama juu ya ardhi ngumu na mti wake uliochongwa ncha.

Kutoka hapo wakajenga hoja kubwa: kwamba wanawake huishi miaka mingi baada ya kukoma kuzaa, jambo lililo nadra kwa wanyama, kwa sababu tangu zamani sana bibi aliyelisha wajukuu ndiye aliyeacha uzao wenye nguvu. Hoja hiyo imebishaniwa. Mtafiti mwingine, Frank Marlowe, aliyewafahamu Wahadzabe kwa muda mrefu, alionyesha kwamba baba naye huongeza chakula anacholeta kambini mkewe anapokuwa na mtoto mchanga. Wabishane watakavyo. Pande zote mbili zinakubaliana kwamba binadamu hakulelewa na mtu mmoja, na kwamba ushahidi wa jambo hilo ulitoka kwa kina bibi wa ukanda wetu.

Nimeanza huko kwa sababu huduma zetu za mtoto, kuanzia kliniki hadi shule hadi sheria ya likizo, zimepangwa kana kwamba kila mtoto ana mlezi mmoja tu, naye ni mama aliyemzaa. Simiyu si hivyo. Na kwa kutowaona walezi wengine tunamtwika mama lawama zote, tunamnyima bibi elimu anayoihitaji, na tunamwachia msichana wa miaka kumi mzigo ambao hakuna kitabu cha serikali kinachouandika.

Mawazo hayo ya mlezi mmoja yana historia yake. Mwaka 1951 daktari Mwingereza John Bowlby aliliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti kuhusu watoto waliotengwa na familia zao, Ulaya ikiwa bado na majeraha ya vita. Alisema kweli kubwa: mtoto hahitaji chakula na blanketi tu, anahitaji mtu wa kumpenda bila kukatisha. Lakini wengi waliomsoma walielewa kwamba mtu huyo sharti awe mama, tena awepo muda wote. Miaka michache baadaye Mary Ainsworth, aliyekuwa amefanya kazi na Bowlby London, akaja hapa jirani. Kati ya mwaka 1954 na 1955, akiwa Makerere, alizitembelea familia 26 za Waganda karibu na Kampala, akiwaangalia watoto 28 majumbani mwao. Kitabu chake kuhusu utoto Uganda kilitoka mwaka 1967. Aliona watoto wakishikana na mama, na pia na baba, bibi, na dada zao wakubwa. Alipohamia Marekani alibuni jaribio lililomletea sifa duniani kote: mtoto anawekwa chumbani na mama, mgeni anaingia, mama anatoka, kisha anarudi. Ndani ya chumba kile bibi hayumo. Dada hayumo. Elimu iliyoanzia kwenye nyua za Buganda ikaja kufundishwa kwa watu wawili na mgeni mmoja, na vizazi vya walimu na wauguzi wetu vimeisoma hivyo.

Wengine walitazama kwa upana zaidi. Robert LeVine na wenzake, waliofanya utafiti kwa Wakisii wa Kenya katika miaka ya 1970, walimlinganisha mama wa Kisii na mama wa tabaka la kati wa Boston. Mama wa Boston humkalisha mtoto, humtazama usoni, huongea naye kana kwamba atajibiwa. Mama wa Kisii alimbeba mtoto, akamnyonyesha mara anapolia, akamtuliza, wala hakuongea naye sana. Aliyemchangamsha mtoto yule alikuwa dada au kaka yake, si mama. Hitimisho la LeVine ni la kuheshimika: kila mama alikuwa akijibu hatari aliyoijua. Penye vifo vingi vya watoto, kazi ya kwanza ni kumvusha mtoto akiwa hai. Penye shule na ushindani wa maneno, kazi ni kumfundisha kusema.

Sasa tujitazame. Mwaka 1999 watoto 147 kati ya kila 1,000 waliozaliwa Tanzania walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulikuta idadi hiyo imeshuka hadi 43. Haya ni mafanikio makubwa, na wauguzi waliomo humu ndani wana haki ya kutembea kifua mbele. Lakini utafiti huohuo ulikuta watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Tumejua kumvusha mtoto. Hatujajua bado kumkuza. Na kukua kwa mtoto kunategemea nani anakoroga uji wake saa nne asubuhi, mama akiwa shamba.

Mkoa wetu ulianzishwa mwaka 2012, na sensa ya mwaka huo ilihesabu watu wasiofika milioni 1.6. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 2.1. Kwa Wasukuma, na hasa kwa sisi Wanyantuzu wa Bariadi, mji ni mkubwa: baba mwenye mji, wake, wana waliooa, wajukuu, na wapwa walioletwa kulelewa. Majina yenyewe yanaonyesha jinsi kuzaliwa kwa mtoto kulivyo tukio la watu wote. Kulwa na Doto ni mapacha, anayewafuata ni Shija, aliyetanguliza miguu ni Kashinje, Mabula alikuja na mvua. Ukitaja jina, kijiji kizima kinajua mama yake alijifunguaje au msimu ulikuwaje. Mholanzi Corlien Varkevisser, aliyeandika mwaka 1973 kuhusu utoto wa Kisukuma kijijini na mjini Mwanza, aliona umuhimu wa kulinganisha mazingira hayo mawili, na kwa maoni yangu kitabu chake kingestahili kusomwa katika kila chuo cha ualimu cha Kanda ya Ziwa.

Kazi ya pamba haimsubiri mtu. Palizi inakuja mvua zikiwa zimekolea, na kuanzia Mei ni kuvuna, kuchambua safi na chafu, kubeba hadi kwenye mzani wa chama cha ushirika, AMCOS. Mama aliyejifungua Desemba atakuwa shambani kabla mtoto hajakaa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama mwajiriwa likizo ya siku 84 yenye malipo, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na baba siku tatu. Ni sheria nzuri. Mama wa Itilima anayelima ekari tatu hana mwajiri wa kumpa likizo hiyo. Likizo yake ni mama mkwe.

Niliwahi kukaa kwenye benchi siku ya kliniki katika zahanati moja ya mkoa huu. Bibi mmoja alifika na mjukuu mgongoni, mbeleko imekazwa vizuri, kadi ameifunga ndani ya mfuko wa plastiki isilowe. Akiwa anasubiri alitoa matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, akayaloweka kwenye kikombe cha maji, yakalainika, akayaponda kwa kidole na kumlisha mtoto kidogokidogo. Zamu yake ilipofika aliulizwa, "Mama wa mtoto yuko wapi?" Akasema yuko palizi. Akaambiwa, "Bibi, wiki ijayo mwambie aje mwenyewe." Mtoto akapimwa, akachanjwa. Kisha kina mama vijana wakakusanywa kwa somo la lishe: karanga kwenye uji, dagaa waliosagwa, mboga, idadi ya milo. Bibi aliachwa pembeni na kikombe chake. Muuguzi alikuwa mmoja na foleni ilifika nje, simlaumu. Lakini somo lile lilimkosa mtu pekee katika chumba kile aliyekuwa, dakika ishirini kabla, akimlisha mtoto mbele ya macho yetu sote.

Yupo na mlezi wa tatu, naye ananiuma zaidi. Ni dada mkubwa, binti wa miaka tisa au kumi mwenye mdogo wake mgongoni. Nisingependa mtu aondoke hapa akidhani nimekuja kusifu mila yote kwa ujumla. Kumbeba mdogo wako baada ya masomo hukufundisha huruma na wajibu, na watu wazima wengi humu ndani walilea hivyo wakiwa wadogo. Kukaa nyumbani msimu mzima wa pamba kwa sababu wewe ni msichana ni kunyang'anywa shule. Tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016 tumewaita mabinti wetu darasani, na ilikuwa haki. Hatukuuliza nani atabaki na mtoto waliyekuwa wakimbeba. Jibu likawa bibi peke yake, ambaye sasa mgongo wake unauma, au mtoto wa miaka mitano.

Baadhi ya mabinti hao wakikua hufika mbali zaidi, Mwanza, Dar es Salaam, wengine hadi nchi za Ghuba, kufanya kazi za nyumbani. Binti huyo analea mtoto wa mwajiri aliyekwenda ofisini, wakati mtoto wake mwenyewe analelewa na mama yake huku Simiyu kwa fedha anayoituma kwa simu. Mwajiri anaitwa mama mchapakazi. Binti huyu tukimtaja, tunamtaja kama aliyemtelekeza mtoto. Hukumu hiyo haina haki hata kidogo.

Mlango wa kurekebisha hayo tunao tayari. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kuwa mzazi hata yule aliyekabidhiwa mtoto amlee. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inazungumzia wazazi na walezi kwa pamoja, na vituo vya kulelea watoto wadogo mchana. Kinachobaki ni kuyashusha hayo hadi Mwandoya, Lagangabilili na Nyashimo, huku kwetu mkoani.

Kwa hiyo naomba mambo ya kufanyika msimu huu. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii waulize katika kila kaya nani anashinda na mtoto, waandike jina lake, na somo la lishe limfuate huyo, kwa Kisukuma kama Kisukuma ndicho anachokielewa, na ikiwezekana kwenye kivuli cha mji wake. Halmashauri na vyama vya ushirika vya pamba vikubaliane kuwe na kituo cha mchana karibu na mashamba kuanzia palizi hadi mavuno, walezi wake wakiwa kina bibi wa kijiji wawili watatu wanaolipwa, wakisaidiwa na kijana mmoja aliyesomea malezi. Najua makato yamewachosha wakulima, wala sipendekezi kato jingine kwenye kilo ya pamba. Fedha itoke kwenye ushuru wa mazao ambao halmashauri inaukusanya tayari, maana mikono mingi iliyoivuna pamba hiyo ilikuwa huru kwa sababu kuna bibi aliyebaki nyumbani. Madiwani mmo humu, na vikao vya bajeti mnavijua kuliko mimi. Nawaachia maswali na michango.