Sahani Kabla ya Ushauri



Wazazi wanaonijia huuliza swali moja, nao huliuliza kwa hasira iliyochanganyika na hofu: "Chakula kipo mbele yake. Kwa nini asile tu?" Mzazi ana haki ya kuuliza. Amehangaika, amenunua, amepika, na binti yake anasogeza sahani pembeni akisema ameshiba, huku mifupa ya mabega imeanza kuonekana kwenye kola ya sare ya shule. Nasema binti, lakini wavulana nao wamo, ila wao huchelewa kugunduliwa. Jibu langu litapitia Marekani kwanza, tena kwenye uwanja wa mpira.

Novemba 1944, vita vikiwa bado vinaendelea Ulaya, mwanafiziolojia Ancel Keys aliwakusanya vijana 36 katika Chuo Kikuu cha Minnesota, akawapa malazi chini ya majukwaa ya uwanja wa chuo. Vijana hao walikuwa wamekataa kubeba silaha kwa sababu ya dhamiri zao. Walijitolea kushindishwa njaa ili ijulikane namna ya kuwalisha raia watakaokutwa wamedhoofika vita vikiisha. Miezi mitatu ya mwanzo walikula vizuri. Kisha, kuanzia Februari 1945, ikafuata karibu miezi sita ya nusu njaa: viazi, tanipu, mkate na makaroni, mara mbili kwa siku, na juu yake kutembea kilometa 35 kila wiki. Walikusudiwa kupoteza kama robo ya uzito wao. Kalori walizopewa sizitaji. Katika ukumbi uliojaa namna hii hakosekani mtu atakayeichukua namba ile akaifanya shabaha.

Walichaguliwa kwa sababu walikuwa wazima wa mwili na akili. Hakuna aliyeuchukia mwili wake wala aliyetamani kukonda. Baada ya miezi michache mazungumzo yao yalikuwa chakula, asubuhi hadi usiku. Wengine walikusanya vitabu vya mapishi wakavisoma kitandani. Kile kidogo walichopewa walikitafuna kwa muda mrefu, wakakitia maji kionekane kingi, wakalamba sahani. Walitafuna bigijii pakiti kwa pakiti mpaka ikabidi wawekewe kikomo. Walisikia baridi katikati ya kiangazi. Utani ulikauka, hasira zikawa karibu, kila mtu akajitenga na mwenzake. Wachache walishindwa kuvumilia, wakala kwa siri na kwa pupa, kisha wakajichukia.

Ukimsomea habari hizi daktari anayetibu anoreksia, ugonjwa wa kujinyima chakula, bila kumwambia zimetoka wapi, atadhani unasoma mafaili ya wagonjwa wake. Kuna msichana anayewapikia keki nyumba nzima na yeye haionji, kuna anayeikata chapati vipande vidogo vidogo na kuvizungusha kwenye sahani kwa saa nzima. Mambo haya tulizoea kuyaita ukaidi, au kuyasingizia malezi. Sehemu kubwa ni njaa. Sisemi njaa peke yake ndiyo chanzo cha maradhi, maana wengi hujinyima chakula wasiugue, na siku hizi tunajua kwamba mwelekeo wa kuugua hurithiwa pia. Nasema kwamba ubongo uliokosa chakula haujadiliani kuhusu chakula. Mgonjwa aliyekonda sana ukimpeleka kwa mshauri nasaha kabla hajaanza kulishwa, mshauri atakuwa anazungumza na njaa.

Na kulishwa hakumponyi mtu kwa wiki moja. Vijana wa Keys walipoanza kuongezewa chakula, hali ya baadhi yao ilizidi kuwa mbaya kwanza. Mmoja alijikata vidole vitatu kwa shoka katika kipindi hicho hicho cha kupona. Wengine, watu ambao hawakuwahi kujali umbo, walilalamika kwamba wananenepa tumbo na makalio. Karibu miaka 60 baadaye waliokuwa hai waliulizwa ilichukua muda gani kupona. Walijibu miezi miwili hadi miaka miwili, na hakuna aliyesema alikuwa amepona wiki 12 za kulishwa zilipokwisha. Hawa walikuwa wanaume waliotaka kula. Fikirini anayekiogopa chakula.

Kulisha nako kuna hatari zake. Aliyekaa muda mrefu bila kula akishindiliwa chakula kwa siku moja, fosfeti na potasiamu katika damu huweza kushuka ghafla na moyo ukapoteza mwendo. Kwa mtu aliyedhoofika kabisa siku za mwanzo ni za hospitali: damu inapimwa, chakula kinapanda taratibu. Mwenye bulimia, anayekula kwa pupa faraghani kisha akajitapisha au akameza haluli, huenda asikonde hata kidogo, na potasiamu yake ikawa imeshuka kiasi cha kumuua. Huyo ukimtazama kwa macho hutamjua.

Akitoka hospitali, nani amlishe? William Gull wa London, aliyeupa ugonjwa huu jina la anorexia nervosa katika miaka ya 1870, aliona jamaa wa mgonjwa kwa kawaida ndio wauguzi wabaya kuliko wote. Jean-Martin Charcot kule Paris alitaka mgonjwa atengwe na wazazi wake. Mawazo hayo yalikaa vichwani mwa madaktari kwa muda mrefu mno. Mwaka 1987 Gerald Russell na wenzake wa hospitali ya Maudsley, London, walitoa matokeo ya wagonjwa 80. Kwa walioanza kuugua anoreksia wakiwa bado wadogo, na ugonjwa haujatimiza miaka mitatu, tiba iliyowaingiza wazazi iliwafaa kuliko ya kukaa na mgonjwa peke yake.

Mlo wa tiba hiyo ni mambo ya kawaida kabisa. Mama ndiye anayepakua. Wali, maharage, kipande cha samaki, na mafuta yamo.

"Mama, hii nyingi."

"Najua unaogopa, mwanangu. Ndiyo kiasi chako."

"Nitakula nusu."

"Haya, kijiko hiki kwanza."

Wali unapoa, mama hainuki. Hatishi, habembelezi kwa zawadi, wala haanzi hotuba ya watoto wasio na chakula. Sahani ikiisha, mtoto anabaki sebuleni na nduguze kwa saa nzima asikimbilie chooni. Kesho tena mara tatu, na vitafunio katikati. Mama ntilie anayetoka alfajiri hawezi kubeba kazi hiyo peke yake, kwa hiyo bibi na shangazi nao wafundishwe.

Kwetu kuna mawili yanayotukwamisha. Moja ni sinia. Kwenye sinia la watu sita mkono waweza kuingia na kutoka mara kumi bila tonge, na hakuna atakayejua. Mpaka mgonjwa apone, apakuliwe sahani yake. La pili ni salamu. "Umenenepa!" husemwa kwa mapenzi tele, lakini anayepona huweza kukaa nayo wiki nzima bila kugusa kifungua kinywa. Kuna njia nyingi za kumwonyesha mtu kwamba umefurahi kumwona.

Halafu ipo funga. Ramadhani, sita za Shawwal, Jumatatu na Alhamisi. Kwa Wakristo, Kwaresima na mifungo ya maombi. Ugonjwa hupenda kujificha hapo, maana nani atamgombeza mtoto kwa ibada? Sheria ya Kiislamu yenyewe imempa mgonjwa ruhusa: hula sasa, akipona hulipa, na asiyetarajiwa kupona hutoa fidia. Binti analijua hilo vizuri, ila nikilisema mimi huliona ni ujanja wa daktari. Kwa hiyo Shaabani ikiingia huwapigia simu wazazi wa wagonjwa wangu na kuwauliza mtoto humsikiliza sheikh yupi.