Taa za Gari Unapovuka Rusumo



Tumefika kuzungumza nanyi juu ya taa za mbele za gari. Nchini Tanzania tunaendesha upande wa kushoto. Kwa hiyo, taa zetu zikipunguzwa, mwanga wake huinuka kidogo kuelekea kushoto, ukamulika ukingo wa barabara na waendao kwa miguu, bila kumchoma macho dereva tunayepishana naye.

Mkivuka Rusumo kuingia Rwanda, au Kabanga kuingia Burundi, mnahamia kulia. Mwanga uleule sasa humpiga usoni dereva anayekuja. Asipoona kwa nukta chache tu, aweza kuwagonga ninyi au mtembea kwa miguu.

Kabla ya safari, someni kijitabu cha gari. Baadhi ya magari yana swichi ya kubadili mwelekeo wa mwanga. Mengine huhitaji stika maalumu juu ya kioo cha taa, na mengine huhitaji fundi. Kushusha taa pekee hakutoshi, kwani hufupisha umbali mnaouona. Mkirejea nyumbani, rudisheni taa kama zilivyokuwa.

Wanunuzi wa magari yaliyotumika nao wawe macho. Gari lililotengenezwa kwa nchi za kulia, kama Ujerumani, huinua mwanga kulia, na kuhamisha usukani hakubadili taa. Kabla ya kulipa, limulikeni ukutani usiku, taa zikiwa zimepunguzwa. Mwanga ukipanda upande wa kulia, mtakeni muuzaji abadilishe taa kwanza.